Tumbawe la viganja: mjenzi wa miamba ya Karibi aliyekwisha Florida kwa joto la mwaka mmoja

KombeLaPwani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Humu ndani matumbawe huzungumzwa kwa jumla, kana kwamba ni kitu kimoja kilichotandazwa chini ya bahari kama jamvi, na mtu akisikia kwamba yanakufa hapati picha ya nani hasa anayekufa wala anakufaje. Nimeona afadhali nichukue spishi moja tu na kuifuata, kuanzia inavyoishi hadi ilivyokwisha mahali fulani. Kwetu haipo. Ni Acropora palmata, tumbawe la Bahari ya Karibi, Bahama na kusini mwa Florida, na nimelichagua kwa sababu tabia zilezile zilizolipa utawala wa ukingo wa mwamba ndizo zilizokuja kulinyima njia ya kurudi lilipopungua.

Lamarck alilipa jina la spishi mwaka 1816, na katika neno palmata kuna kiganja cha mkono kwa Kilatini. Wamarekani huliita kwa pembe za mnyama wa nchi za baridi ambaye wengi wetu hatujamwona, kwa hiyo mimi nitashika kiganja na kuliita tumbawe la viganja. Matawi yake yamebapa na kutanuka kama makafi ya mtumbwi. Rangi yake ni kahawia inayoelekea manjano, isipokuwa kwenye kingo, ambako huwa jeupe kwa kuwa hapo ndipo linapokua na mwani wake haujawahi kufika.

Tawi moja si mnyama mmoja. Ni maelfu ya wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja akiwa na mdomo, minyiri na kikombe chake cha chokaa, wote wakiwa wameunganishwa kwa ngozi moja nyembamba. Ninacho kipande cha Acropora wa huku kwetu nilichookota ufukweni Tanga, kilichokufa zamani na kuwa cheupe kama mfupa. Ukikiweka chini ya kioo cha kukuzia utaona vikombe vimejipanga ubavuni, vimeinama kuelekea juu, na kwenye ncha kabisa kipo kimoja kilichowazidi wenzake. Polipu wa nchani hujenga kwenda mbele, na wengine huchipuka ubavuni nyuma yake. Hiyo ndiyo alama ya jenasi nzima, na inaeleza kasi yake. Tumbawe la viganja hurefuka sentimita 5 hadi 10 kwa mwaka, wakati yale matumbawe mazito ya mviringo huongeza kama sentimita moja au pungufu. Likikua bila kusumbuliwa hupita kimo cha mtu.

Nguvu ya kujenga hivyo haipatikani kwa kula tu. Ndani ya seli za polipu huishi mwani wa seli moja, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula chote anachohitaji, naye humpa mwani hifadhi na mabaki ya uchafu wake kama mbolea. Ndiyo maana tumbawe hili hukaa kwenye maji machache, meta 1 hadi 5 hasa, pale mawimbi yanapovunjika. Msitu wake ulikuwa ngome ya ukingo wa mwamba na maficho ya kamba na samaki. Kukaa kwake juujuu kumewafaa hata wanaochunguza zamani za dunia: mwaka 1989 Richard Fairbanks alichapisha matokeo ya kuchimba miamba iliyozama karibu na Barbados, na kwa kuwa mabaki ya tumbawe hili huonyesha mahali uso wa bahari ulipokuwa, aliweza kukadiria kwamba wakati wa baridi kuu ya mwisho bahari ilikuwa chini kwa takriban meta 120.

Sasa kuzaa. Hutokea mara moja kwa mwaka, kati ya Julai na Septemba, usiku chache baada ya mwezi mpevu, kama saa mbili au tatu baada ya jua kuzama. Kwanza kila mdomo huonyesha kitone cha rangi ya waridi iliyofifia, kikubwa kama kichwa cha pini, nacho hukaa hapo kwa muda kama kinachosubiri amri. Kisha vyote huachiwa na kupanda juu taratibu, na kwa aliyepo chini na tochi ni kama mvua inayonyesha kinyume. Ndani ya kila kitone mna mayai na manii pamoja, kwa maana kila tumbawe ni dume na jike. Hata hivyo mayai hayapokei manii ya tumbawe lilelile, au hupokea kwa nadra mno, hivyo kitone kikipasuka juu ya maji ni lazima kikutane na kitone cha jirani mwenye asili nyingine. Viluwiluwi vinavyotokana na hapo huelea siku kadhaa, kisha hutafuta mahali pa kukaa, na hupenda zaidi mwamba uliofunikwa na mwani mgumu wa rangi ya waridi.

Njia ya pili ni kuvunjika. Kimbunga kikipita, matawi hukatika, yakaanguka mita chache mbali, yakajishikiza kwenye mwamba na kuendelea kukua. Kwa karne nyingi hii ndiyo iliyokuwa njia kuu katika sehemu nyingi, na upo uchunguzi wa vinasaba uliokadiria kwamba baadhi ya asili, yaani koo zenye vinasaba vilevile, zimekuwa zikijigawa kwa mamia ya miaka, nyingine huenda kwa maelfu. Naomba jambo hilo likumbukwe, kwa sababu nitalirudia.

Kupungua kulianza kabla ya joto. Miaka ya 1970, katika kisiwa cha St. Croix, ilionekana ngozi ya matumbawe ikibanduka kuanzia shinani kuelekea nchani, milimita chache kila siku, ikiacha mkanda wa chokaa tupu. Ugonjwa huo uliitwa wa mkanda mweupe, na dalili zinaelekeza kwa bakteria. Buck Island, kisiwa kidogo jirani, katikati ya miaka hiyo palikuwa na maeneo ya mwamba ambayo tumbawe la viganja lilifunika asilimia 85. Kufikia 1988, kwa ugonjwa na vimbunga, ilibaki asilimia 5. Agosti 1980 Kimbunga Allen kilipiga Jamaika, na safari hii vipande vilivyovunjika havikuota kama ilivyozoeleka, kwani kwenye mwamba uliokwisha kudhoofika konokono na magonjwa vilifika kwanza. Mwaka 1983 ukaja msiba ambao haukumgusa tumbawe mwenyewe: yule mnyama mweusi wa mviringo mwenye miiba mirefu, ambaye jina lake hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji (kitaalamu ni Diadema), alianza kufa upande wa Panama, na katika muda wa mwaka mmoja hivi zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamekwisha Karibi nzima. Yeye ndiye aliyekuwa akila mwani wa majani. Alipoondoka, mwani ulifunika kila mahali ambapo kiluwiluwi cha tumbawe kingetua.

Lipo jingine ambalo kila nikilisoma hunifanya niweke kikombe cha chai mezani. Mwaka 1996, karibu na Key West, tumbawe hili lilianza kutokwa na madoa meupe. Mwaka 2002 watafiti walitangaza kwamba anayeyasababisha ni bakteria aitwaye Serratia marcescens, anayepatikana utumboni mwa binadamu, na mwaka 2011 wakathibitisha kwa majaribio ya matangini kwamba aina iliyotoka kwenye majitaka huua tumbawe. Yaani choo cha mtu wa nchi kavu kilikuwa kimefika kwenye mwamba.

Marekani ililiingiza katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini mwaka 2006, likiwa pamoja na ndugu yake Acropora cervicornis matumbawe ya kwanza kabisa kuwekwa humo. Mwaka 2008 orodha nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ililipandisha ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini.

Kisha ukaja mwaka 2023. Florida, matumbawe huanza kuteseka maji yanapopita takriban nyuzi 30.5 za Selsiasi. Mwaka huo yalipita nyuzi 31 kwa wastani wa siku 40 hivi, na msongo wa joto ulikuwa mara mbili hadi nne ya kiwango cha juu kilichowahi kupimwa huko. Kwa kawaida, joto likizidi, mwani wa ndani huanza kutoa kemikali zinazomuumiza mwenyeji, naye huutoa nje na kupauka. Akipata nafuu mapema huweza kuupokea tena. Mwaka huo wengine hawakupewa hata nafasi ya kupauka: ngozi ilibanduka ndani ya siku chache. Kwenye mwamba wa Sombrero, wahifadhi waliofika mwezi Julai walikuta yote yamekufa, pamoja na yale waliyoyapanda wao wenyewe. Ripoti iliyochapishwa katika jarida la Science Oktoba 2025, baada ya kukagua makoloni (yaani matumbawe mazima, kila moja jamii ya polipu) zaidi ya 50,000 ya spishi hizi mbili, ilitaja vifo vya asilimia 97.8 hadi 100 katika visiwa vya Florida Keys na Dry Tortugas, na kama asilimia 38 kwenye miamba ya kaskazini zaidi, karibu na Miami, ambako maji yalikuwa na unafuu. Waandishi wake walisema Florida spishi hizi zimetoweka kiutendaji. Maana yake ni kwamba mmoja mmoja wapo, lakini ni wachache mno kujenga mwamba au kukutanisha mbegu.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Kusi

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye nyama. Nina swali moja. Kama tawi lililovunjika linaota lenyewe, shida iko wapi? Si wakate vipande vingi wavipande kila mahali? Nimeona picha za wapiga mbizi wakivining'iniza kwenye miti ya mabomba ya plastiki chini ya maji, na ilionekana kazi inakwenda.

Bibi Shamba

Naomba nimjibu kijana Kusi kabla ya mwenye uzi, maana swali lake limegusa kazi niliyoifanya miaka mingi. Nilikuwa afisa ugani, na zao langu lilikuwa muhogo. Muhogo tunaupanda kwa pingili. Mkulima akipenda mhogo mmoja mtamu, atakata pingili zake, atampa jirani, jirani atampa shemeji, na baada ya misimu michache kata nzima ina shamba moja lenye wamiliki mia. Hakuna ubaya, mpaka siku batobato inapoingia, au michirizi ya kahawia, ambayo majani yanaweza kuwa mazuri huku kiazi chini kimeoza. Mmea ulio dhaifu kwa mmoja ni dhaifu kwa wote. Nimewahi kusimama kwenye shamba la mama mmoja, ekari mbili, tukang'oa shina baada ya shina tangu asubuhi, na hadi adhuhuri hatukupata kiazi cha kujaza ungo. Niliposoma habari ya tawi linalovunjika nikakumbuka ungo ule.

KombeLaPwani

Shikamoo Bibi. Umenipa mfano ambao nilikuwa nautafuta kwa wiki nzima, na naomba ruhusa ya kuutumia.

Ndugu Kusi, Bibi amekwisha kujibu nusu. Tofauti moja niiweke wazi: kwa muhogo, virusi husafiri ndani ya pingili yenyewe, ilhali kipande cha tumbawe huweza kupandwa kikiwa kizima kabisa na kikafa kwa joto linalokikuta. Kilichofanana ni lile shamba moja lenye wamiliki mia. Ipo miamba ya Florida iliyokutwa na tumbawe la viganja la kutosha kwa macho, lakini vipimo vya vinasaba vilipofanywa ikaonekana kwamba makoloni yote ni vipande vya mama mmoja. Mwamba wa namna hiyo hutoa vitone usiku wa Agosti kama kawaida, maji yakawa ya waridi, na asubuhi hakuna kilichotunga. Kumbuka mayai hayapokei manii ya ndugu yao wa tawi moja.

Ile miti ya mabomba ilifanya kazi kubwa na siidharau. Maelfu ya vipande vilipandwa kwa zaidi ya muongo mmoja, na waliopanga kazi hiyo walijitahidi kuchanganya asili mbalimbali. Hata hivyo asili zote zilitoka kwenye bahari ileile, zikarudishwa kwenye bahari ileile, ambayo wakati huo ilikuwa ikizidi kupata joto. Maoni yangu, na ninajua wapo watakaonipinga, ni kwamba tulihesabu vipande vilivyopandwa kwa sababu vinahesabika, tukaacha kuuliza vitakutana na maji gani.

Mvuvi Mstaafu

Mwenye uzi, hapo kwenye mnyama wa miiba umenichanganya. Mimi nimevua kati ya Shimoni na Vanga tangu utoto. Huku kwetu, mahali walipojaa hao, mwamba unakuwa umechimbwachimbwa kama ukuta ulioliwa na mchwa, na watu wa hifadhi wanatuambia wingi wao ni dalili mbaya. Iweje Karibi wafe iwe msiba, na huku wakiwepo iwe msiba vilevile?

KombeLaPwani

Mzee wangu, hoja yako ni nzito, na jibu lake liko kwenye samaki ulioacha kuwaona. Mnyama huyo anapokula mwani hukwangua na chokaa iliyo chini yake. Wakiwa kiasi, wanausafisha mwamba; wakizidi, wanautafuna. Anayewapunguza huku ni kikande na wenzake, wenye meno ya kupasua miiba. Tim McClanahan, aliyetafiti miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba ndani ya hifadhi zisizovuliwa, Kisite ikiwamo, vikande ni wengi na wanyama wa miiba ni wachache, na nje ya hifadhi ni kinyume. Karibi nako uvuvi ulikuwa umewamaliza samaki walao mwani, pono na kangaja, mpaka kazi yote ya kufyeka ikabaki mikononi mwa huyu mmoja. Alipokufa hakukuwa na wa kumrithi. Kwa hiyo huku alizidi kwa kukosa mlaji, na kule aliondoka akiwa mfyekaji pekee.

Niongeze habari isiyopendeza. Mwaka 2022 walianza kufa tena Karibi, na safari hii muuaji alitambuliwa, kimelea cha seli moja chenye vinyweleo. Kimelea hichohicho kikaonekana Bahari ya Shamu, na mwaka 2023 kikaua ndugu zao kwenye kisiwa cha Réunion, ambacho kwa mikondo ya bahari si mbali na sisi.

Mdadisi

Samahani kwa kuchelewa. Je, Acropora wa kwetu wako katika hatari hiyohiyo, au hili ni la Wamarekani?

KombeLaPwani

Ndugu Mdadisi, jenasi ni moja na udhaifu wa joto ni mmoja. Mwaka 1998, El Niño ilipopausha matumbawe kuanzia Kenya hadi Msumbiji, Acropora walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi, na mwaka 2024 maji yetu yalipanda tena, Tanzania na Kenya zikawa katika orodha ya nchi zilizopauka. Lakini tofauti ni kubwa. Kuanzia Bahari ya Hindi hadi Pasifiki zimo spishi zaidi ya mia za Acropora; ikipungua moja, nyingine hushika sehemu ya kazi yake. Karibi zipo mbili tu, na chotara wao. Hakuna tumbawe jingine kule linaloweza kukua upesi namna ile kwenye mawimbi, na ukingo wa mwamba usiojengwa huliwa na bahari kidogo kidogo, mawimbi yakapata njia ya kufika pwani.

Kusi

Basi hakuna kilichobaki?

KombeLaPwani

Kipo, na ndiyo sababu sikuuita uzi huu matanga. Mwaka 2023, kabla joto halijamaliza kazi, wapiga mbizi walikimbiza vipande vya asili nyingi hadi kwenye matangi ya nchi kavu, kwa hiyo asili kadhaa za Florida sasa zinaishi ndani ya majengo zikiwa zimetoweka baharini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Agosti 2022, Florida Aquarium, kituo cha viumbe wa majini cha Tampa, ilikuwa imefanikiwa kulizalisha tumbawe la viganja ndani ya maabara, kwa taa zilizopangwa kuiga jua na mwezi.

Kisha wakatazama nje ya nchi yao. Katika ghuba ya Tela, Honduras, ipo miamba ambayo tumbawe hili bado linaishi kwenye maji ya joto na yaliyochafuka kuliko ya Florida. Vipande vililetwa Miami na Tampa, mbegu zake zikachanganywa na za Florida, na Julai 2025 watoto wa mchanganyiko huo walipandwa kwenye mwamba karibu na Miami, kila mmoja mdogo wa kutosha kukaa kiganjani. Ilibidi vitafutwe vibali, kwa sababu sheria za kulinda spishi hazikuwa zimewaza kwamba siku moja mtu ataomba kuleta damu ya nje kwa makusudi. Wapo wanasayansi wasioridhika na hilo, kwa hofu ya kupoteza sifa za asili ya mahali. Mimi nadhani hofu hiyo ilikuwa na uzito zaidi wakati bado kulikuwa na asili ya mahali baharini.

Kama watastahimili, bado. Kule Curaçao, matumbawe ya viganja yaliyolelewa kutoka kwenye mayai yalitoa vitone vyao vya kwanza yakiwa na umri wa miaka minne. Kwa kipimo hicho, hawa wa Miami, waliotungwa mwaka 2024, mapema kabisa ni Agosti ya mwaka 2028, usiku chache baada ya mwezi mpevu.